Ugonjwa Mkubwa na Wadogo Zake

Sherehe ya kuniaga ilifanyika kwenye ukumbi wa jirani, kwa sababu hospitali nzima haikuwa na chumba ambacho feni zake zote zilikuwa zinazunguka. Mgeni wa heshima alinisifu kwa dakika nyingi akiniita Halima. Jina langu ni Hadija. Nikapewa saa ya ukutani na blanketi zito la manyoya, zawadi ya kufaa sana kwa mtu anayeishi Garissa. Kisha nyinyi vijana wa kliniki mkapiga meza mkitaka niwaachie maneno ya hekima. Nikasema pilau inapoa, tukala.

Sasa nimekaa nyumbani, pilau imekwisha, na nimeona kwamba mlistahili kidogo zaidi ya hapo. Kuhusu vyeo na mishahara sitasema neno. Vyeo vilinijia kama mvua inavyokuja Wajir, yaani nilivisikia zaidi kuliko nilivyoviona. Nitawaeleza habari za kazi yenyewe, na hasa habari za mgonjwa mmoja, mwalimu Fardosa, ambaye amekubali nimwandike ilmradi niseme kwamba alikuwa mrembo. Alikuwa mrembo. Bado ni mrembo. Tuendelee.

Nilifika Garissa nikiwa ofisa wa kliniki mpya, mtoto wa Kipokomo kutoka upande wa Hola, na koti jeupe ambalo mama yangu alilipiga pasi mpaka likawa gumu kama bati. Niliyekabidhiwa kwake alikuwa Bwana Gedi, ofisa wa zamani, mrefu, ndevu zake zimepakwa hina, mdomo wake hauna breki. Alinitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Wewe ndiye mpya?"

"Ndiyo, bwana."

"Umekuja na maji ya kunywa?"

"Hapana."

"Basi wewe ni mgonjwa wa kwanza leo. Kunywa haya, halafu tuwaone wengine."

Aliyefuata alikuwa mzee aliyekuja na kikohozi. Nikamsikiliza kifua, nikampa dawa, nikajiona daktari. Gedi akasema, "Mvue viatu." Mzee akakataa, mimi nikaona haya, Gedi akainama akamvua mwenyewe. Chini ya kidole kikubwa palikuwa na kidonda kinachonuka, na mwenye mguu hakuwa na habari nacho kwa sababu hakikumuuma. Tulipopima sukari ilikuwa juu mno. Kikohozi kilikuwa kikohozi tu.

Gedi alinifundisha kuuliza. "Mgonjwa akikuambia anachoumwa, sikiliza, halafu muulize kingine. Akikuambia cha pili, muulize kingine. Akianza kukutukana, umefika mwisho." Nilitukanwa kwa Kisomali kwa muda mrefu kabla sijajua kwamba ni matusi. Ndivyo nilivyojifunza lugha hiyo, kuanzia chini kwenda juu.

Kwa muda fulani nilipelekwa Dagahaley, kwenye kambi ya wakimbizi, katika zahanati ya mabati. Pale nilikuwa na mkalimani mvivu kupita kiasi. Mama angeeleza shida zake mpaka anashika kiuno, anaonyesha mgongo, anafuta machozi, anaonyesha mbinguni. Namuuliza mkalimani, "Anasemaje?" Anajibu, "Kichwa." Nilianza kushika maneno mwenyewe, si kwa bidii ya masomo, ila kwa hasira.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache na kila kimoja kilikuwa na kisa chake. Kinyundo cha kugonga goti kilipotea, kikapatikana jikoni kinavunja sukari guru. Ule uma wa chuma unaolia, wa kupimia kama mguu unahisi mtetemo, ulichukuliwa na mfagiaji akaupeleka kwa fundi wa redio. Wagonjwa wa mishipa ya fahamu hatukuwa tukiwaona wengi, au tuseme tulikuwa tukiwaona na kuwaita majina mengine. Miguu ikifa ganzi, tulisema ni upungufu wa damu. Jicho likififia, tulisema ni vumbi. Jamaa wa mgonjwa walisema ni jini, na kwa ukweli jini alikuwa na maelezo kamili kuliko sisi.

Gedi alistaafu, akarudi Banissa kufuga, na mimi nikabaki na meza yake. Miaka ikapita. Ndipo akaja Fardosa.

Alikuwa akifundisha hesabu katika shule ya msingi hapa mjini. Sauti yake ilikuwa ya kusikika mpaka kwenye soko la mifugo, ambako mumewe, Bashir, alikuwa dalali wa ng'ombe na mbuzi. Alikuja kliniki akiwa amefunika jicho moja kwa ncha ya shashi, ule mtandio wao.

"Jicho hili limekataa kazi," akaniambia. "Na nikiinamisha shingo, naona kama umeme unashuka mgongoni."

"Kingine?"

"Mguu wa kushoto mzito. Kama wa kuazima."

"Kingine?"

Akanitazama kwa jicho lililobaki. "Wewe mama, unataka niumwe nini zaidi?"

Niligonga magoti yake kwa kinyundo, na mguu uliruka kama uliodungwa sindano. Sikuwa na jina la jambo lile, lakini nilijua haliko katika dawa zangu. Tukampa rufaa ya Nairobi. Huko akaingizwa kwenye ile mashine kubwa ya kupiga picha za ubongo, akatolewa maji ya uti wa mgongo, na akarudi na jina: multiple sclerosis, au MS kwa kifupi.

Mama yake, Dahabo, alikuja kutoka Diff, mpakani kabisa, kulisikia jina hilo kwa masikio yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye ngamia zake mwenyewe. Alikaa mbele yangu kama hakimu.

"Daktari, niambie bole bole. Mtoto yangu anakula nini ndani?"

Nikamweleza kwamba mishipa ya fahamu ina ganda, kama waya wa umeme ulivyo na plastiki. Na mwili una askari wake wa kuulinda dhidi ya magonjwa. Sasa askari wa Fardosa wamechanganyikiwa, wanashambulia ganda la mishipa yake mwenyewe wakidhani ni adui.

"Kama siku ya msako," Dahabo akasema. "Askari anakuja kutafuta mtu mbaya, anapiga mtu wa duka."

"Kabisa."

"Haye. Sasa naelewa." Akamgeukia binti yake. "Kumbe ni serikali."

Sijawahi kusikia maelezo mazuri zaidi ya hayo.

Daktari wa Nairobi alimwanzishia dawa ya kuwapoza hao askari, akampa na ushauri ulioandikwa vizuri. Mmoja ulisema aepuke joto, kwa kuwa mwili wenye MS ukipata joto, mishipa iliyobambuka ganda inazidi kulegea. Nilitamani kumuuliza mheshimiwa huyo kama amewahi kuitazama ramani. Aepuke joto, Garissa! Labda ahamie ndani ya friji ya chanjo. Lakini Fardosa alikuwa mtu wa hesabu, akalitafutia jibu. Alivaa fulana mbichi chini ya baibui, akalowesha shashi kila kengele ikilia, akapanga kazi zake nzito asubuhi. Jicho lilirudi. Mguu ulirudi nusu. Akawa anatembea kwa bakora ya mumewe ya kuswagia ng'ombe, na wanafunzi wakazidi kuwa na nidhamu.

Sasa niwaambie ubaya wa jina kubwa. Likishaandikwa juu ya faili, hakuna anayesoma zaidi. Fardosa akiumwa kichwa, watu wanasema MS. Akikosa usingizi kwa sababu jirani ana jenereta, MS. Siku moja alipata uvimbe kwenye ufizi, na muuguzi mmoja, jina lake silitaji kwa kuwa bado yuko na anajijua, akamwambia, "Hiyo ni MS imepanda kwenye meno." Kumbe lilikuwa jino bovu. Liling'olewa, na MS ikashuka kutoka kwenye meno.

Kisha ikaja mara ambayo haikuwa ya kuchekwa. Bashir alimleta akiwa amembeba mgongoni. Miguu yote miwili ilikuwa imelegea, mkojo ulikuwa unamtoka bila kuaga, na alikuwa akitetemeka. Bashir, mtu aliyezoea kupiga kelele mnadani, alikuwa akinong'ona.

"Daktari, MS imemchukua yote. Nimeuza ng'ombe wawili wa nyumbani, tunaenda Nairobi leo leo."

Nikampigia simu yule daktari wa Nairobi. Akasikiliza, akasema inaonekana ni shambulio jipya, atahitaji dozi kubwa ya steroidi, dawa kali ya kuwanyamazisha wale askari.

"Ana homa, daktari," nikasema.

"Homa kiasi gani?"

"Ya kutosha kupikia chai."

"Basi steroidi ngoja kwanza. Tukimpa na kuna kijidudu ndani, tutakuwa tumemfungulia mlango. Tafuta homa inatoka wapi. Homa yenyewe inaweza kulegeza miguu hivyo. Nipigie."

Hilo ndilo nililotaka kusikia, na nawaomba mlikumbuke. Mtu mwenye MS hajasamehewa magonjwa mengine. Anapata malaria kama wewe, sukari kama shemeji yako, presha kama mimi. Na yeye, kwa dawa anazotumia, askari wake wamelazwa usingizi, kwa hiyo wageni wanaingia bila kubisha hodi. Halafu kila mgeni akiingia, akileta joto, ile MS ya zamani inaamka na kujifanya ndiyo mwenye nyumba.

Tukapima malaria, hakuna. Mkojo ulikuwa na uchafu kidogo lakini si wa kumwangusha mtu hivyo. Picha ya kifua safi. Nikavuta kiti nikakaa karibu na kitanda chake.

"Homa ilianza lini?"

"Sijui. Inakuja jioni, inaondoka. Natoa jasho mpaka godoro linalowa. Nilifikiri ni MS."

"Kingine?"

"Mgongo. Viungo vyote kama vimepigwa rungu."

"Kingine?"

Akafumba macho. "Eddo Hadija, ningekuwa na nguvu ningekutukana." Eddo ni shangazi kwa Kisomali. Ndivyo alivyokuwa ameanza kuniita.

"Unakula nini?"

"Sili. Nakunywa tu maziwa ambayo Hooyo analeta."

Hooyo, mama yake, alikuwa pale pale chini kwenye mkeka, na kando yake palikuwa na jerikeni la njano lililofungwa gunia bichi. Maziwa ya ngamia kutoka Diff, mabichi, yenye harufu ya moshi. Tangu binti yake augue alikuwa akiyaleta kwa malori, akikaa juu ya magunia, kwa sababu aliamini hakuna dawa inayoyashinda.

Nikatoa damu ya kupima brusela, ile homa inayotoka kwa mifugo na maziwa yao. Hapa tahadhari, wenzangu. Kile kipimo cha haraka kinachopatikana kwenye kila maabara ya mtaani ni kikarimu mno. Ukikipelekea maji ya kisima, kitakuambia kisima kina brusela. Kwa hiyo sikutosheka nacho. Tukapeleka damu kwenye maabara kubwa, tukasubiri, na Bashir akawa anakuja kuniuliza kila mara kama majibu yamefika, mpaka nikamwambia ng'ombe ndio wanaokwenda mnadani, damu inakwenda kwa mwendo wake. Majibu yakarudi. Ilikuwa brusela ya kweli.

Kumweleza Fardosa haikuwa kazi. Kazi ilikuwa kumweleza Dahabo.

"Mama," nikasema, "ugonjwa uliomlaza safari hii si MS. Ni brusela. Inawezekana sana imetoka kwenye maziwa mabichi."

Alisimama. Sikujua mtu mfupi hivyo anaweza kusimama kwa muda mrefu vile.

"Maziwa gani?"

"Ya ngamia."

"Ya ngamia yangu? Mimi nabeba maziwa kutoka Diff, gari inafunja mgongo yangu, nasema mtoto apone, na wewe unasema mimi nimemlisha sumu?"

"Sijasema sumu."

"Babu yangu alikunywa. Baba yangu alikunywa. Mimi nimekunywa tangu meno haijatoka! Mimi naumwa?"

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Hapana!"

"Mgongo je?"

"Mgongo ni lori."

"Magoti?"

"Magoti ni umri."

"Na jasho la usiku?"

Akageukia jerikeni lake. Fardosa akageuza shingo polepole kwenye mto. "Hooyo," akasema, "si ulikuwa ukiniambia unatoa jasho kama mtu aliyechimba kisima?"

"Naaya, wewe lala! Nani amekuuliza?"

Lakini mkono aliutoa. Alitazama pembeni wakati damu inachukuliwa, kana kwamba mkono ni wa mtu mwingine. Na yeye alikuwa nayo. Nilipomwambia, alikaa tena kwenye mkeka, akaweka shashi usoni. Nilidhani analia kwa ajili yake mwenyewe. Akasema kwa Kisomali, sauti ya chini, "Nilikuwa namuua kwa mkono wangu huku nikimwombea dua."

Fardosa alijivuta mpaka ukingoni mwa kitanda, akateremsha mkono ukamfikia mama yake kichwani. "Hooyo, hukujua. Hata Eddo na nyundo yake hakujua." Nilitaka kupinga, nikaacha. Ilikuwa kweli.

Waliwekwa kwenye dawa pamoja, vidonge vya majuma mengi, na Dahabo akageuza matibabu kuwa mashindano. Alikuwa akimeza vyake mbele ya binti yake, anafungua mdomo kuonyesha hamna kitu, anasema, "Zamu yako, mwalimu." Kuhusu kuchemsha maziwa, alikuwa na msimamo: maziwa ya ngamia yakichemshwa yanakufa. Tuliafikiana kwamba bora yafe maziwa. "Nitabika," akasema mwishowe, "lakini nitabika nikiwa na hasira." Sikumwekea sharti kuhusu hasira.

Homa ikaisha. Miguu ikarudi, si ile ya ujanani, ila ile ya kabla ya kubebwa. Bashir akasambaza habari soko zima kwamba mkewe amepona MS, nikalazimika kwenda kumsahihisha mbele ya mbuzi. "MS ipo," nikamwambia. "Iliyoondoka ni brusela." Akasema, "Daktari, niache nifurahi leo, kesho nitasema ukweli."

Hapo ningeweza kumaliza kisa na sote tukaonekana mabingwa. Lakini Fardosa hakurudi shuleni.

Mwanzoni nilisema ni udhaifu wa baada ya homa. Baadaye Bashir akaja kliniki peke yake, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa. "Analala tu," akasema. "Simu inalia, haipokei. Watoto wakigombana, hawagombezi. Jana nilichoma wali makusudi, nione kama atanitukana. Akala."

Nikaona hili ni jambo zito. Nikamwita Fardosa, nikapima damu, tezi ya shingo, sukari. Damu ilikuwa pungufu kidogo, mengine sawa. Watu wote walikuwa na jibu: ni uchovu wa MS. Na kweli MS inachosha, tena uchovu usioondoka kwa kulala. Ndiyo maana ni rahisi kuufichia mwingine nyuma yake.

Nilikwenda nyumbani kwake alasiri moja. Alikuwa amelala kwenye jamvi, uso ukutani. Nikaketi sakafuni kwa shida, kwa sababu magoti yangu nayo si ya kujivunia.

"Fardosa, umechoka au una huzuni?"

"Kuna tofauti gani?"

"Ukichoka, unataka kufanya jambo na huwezi. Ukiwa na huzuni, hutaki hata jambo lenyewe."

"Ofisi ya elimu wamesema watanipeleka mbele ya bodi ya matibabu," akasema. "Nistaafishwe kwa ugonjwa. Nikasema sawa. Eddo, nilisema sawa. Mimi! Zamani ningechoma ofisi. Sasa nasikia kama wanamzungumzia mtu mwingine."

"Umewahi kutamani usiamke?"

"Astaghfirullah." Kisha, bado ameutazama ukuta: "Mara nyingine. Si kujifanyia kitu. Kutoamka tu."

Nilimshukuru kwa kuniambia. Halafu nikamweleza kwamba huo nao ni ugonjwa, unaitwa sonona, na unawaandama watu wenye MS kuliko watu wengine, kwa sababu ya maisha yanavyobadilika na pengine kwa sababu ubongo wenyewe umeguswa. Una dawa. Una watu wa kuzungumza nao.

Akageuka ghafla, kwa mara ya kwanza. "Unataka kunipeleka kwa daktari wa wendawazimu? Mji mzima utasema mwalimu wa hesabu amepoteza hesabu."

"Nataka kukupeleka kwa Kioko."

Kioko ni nesi wetu wa afya ya akili, mnamjua, Mkamba wa Mwingi anayeongea Kisomali kizuri kuliko changu, na hilo sijamsamehe. Chumba chake kilikuwa na kibao mlangoni ambacho kiliwatisha watu wote. Mimi na yeye tulikibandua siku hiyo, tukabandika kingine cha "Uzito na Urefu". Fardosa akaenda kupimwa uzito kila wiki, mji mzima ukisifu anavyojitunza mwili.

Dawa hazikufanya muujiza. Wiki za mwanzo alilalamika kwamba zinamkausha mdomo na kwamba Kioko anauliza maswali mengi kuliko mimi. Nilipouliza kingine, akanitukana. Tusi lilikuwa refu, la Kisomali safi, lenye ukoo wangu ndani. Nilitoka nje nikampigia Bashir simu kumpa habari njema.

Bodi ilikutana alipokuwa amepata nafuu, si kupona. Wanaume wawili na mwanamke mmoja nyuma ya meza ndefu, na mimi nimeitwa kueleza hali yake. Mwenyekiti alikuwa mtu mpole mwenye haraka.

"Ofisa, ugonjwa huu unapona?"

"Hauponi, bwana. Unatulizwa."

"Sasa mtu asiyepona anafundishaje?"

Kabla sijajibu, Fardosa akainuka kwa bakora yake.

"Bwana mwenyekiti, mimi sifundishi hesabu kwa miguu."

Mwanamke aliyekuwa mwisho wa meza aliinamisha kichwa chini haraka kuficha kicheko. Mwenyekiti akasema, "Mwalimu, hatukudharau. Lakini ulikosekana kazini kwa muda mrefu."

"Nilikuwa na brusela. Imetibiwa. Halafu nikawa na sonona." Neno hilo alilisema mbele yao bila kushusha sauti, na Bashir aliyekuwa amesimama mlangoni alinyanyua kichwa. "Inatibiwa, na natumia dawa. MS nitakuwa nayo, na kuna siku itanilaza. Siku hizo nitaomba ruhusa kama mwalimu yeyote mwenye malaria. Nataka vipindi vya asubuhi kabla jua halijakaza. Nataka darasa la chini, nisipande ngazi." Akavuta pumzi. "Na nataka darasa lililo karibu na choo. Kwa sababu mkojo wangu haupendi kusubiri."

Nimekaa Garissa maisha yangu yote ya kazi. Sijawahi kumsikia mwanamke akisema hivyo mbele ya wanaume wasio ndugu zake, tena wamevaa tai. Mwenyekiti akatazama dari, feni, mikono yake. Hatimaye yule mwanamke wa mwisho wa meza akasema, "Mimi naona hayo matatu yanawezekana." Mwenyekiti akakubali kwa haraka ya mtu anayetaka mada ya choo ifungwe.

Tulipotoka nje, Fardosa aliniegemea, amelowa jasho. "Eddo, nimesema mkojo?"

"Umesema."

"Kwa sauti?"

"Walisikia mpaka sokoni."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi, Bashir akaja na chupa ya maji baridi akammwagia kichwani, shashi ikalowa, naye akaendelea kucheka.

Amerudi darasani. Si hadithi ya kupona. Mwaka uliofuata alipata shambulio la kweli la MS, akapewa steroidi, sukari ikapanda kwa ajili ya hizo steroidi, tukaishusha. Mifupa tunaiangalia, maana hizo steroidi huidhoofisha. Presha tunaipima. Kioko bado anampima uzito. Dahabo huja na jerikeni lake, maziwa yamechemshwa, na huniambia kila mara kwamba hayana ladha.

Wiki mbili baada ya sherehe yangu ya kuagwa, simu ililia nikiwa natafuta msumari wa kutundika ile saa. Alikuwa Fardosa, sauti yake imekwaruza.

"Eddo, naumwa."

Nikaacha msumari. "Una nini?"

"Pua zinatiririka. Koo linawasha. Kichwa."

"Homa?"

"Ndogo. Nimepima, haijafika ile ya kuogopa."

"Miguu?"

"Iko pale pale ilipo siku zote. Mkojo uko pale pale. Nimeangalia vyote kabla sijakupigia, nakujua." Akapiga chafya. "Darasa zima linapiga chafya. Mwalimu mkuu anapiga chafya. Hooyo anasema ni MS. Nimemwambia, Hooyo, mwache MS apumzike, leo hayuko kazini."

"Basi ni mafua."

"Si ndiyo ninachokuambia! Ni mafua, Eddo! Mafua tu, kama ya watu!"

Nilimwambia anywe maji, alale, na homa ikipanda aende kliniki hata kama mimi sipo, kwa sababu kuna vijana wazuri pale watakaomuuliza mambo mpaka achoke. Akasema haya, haya, amesikia. Akapiga chafya nyingine kubwa, akajisemea alhamdulillahi, akakata simu arudi kitandani kuugua mafua yake kwa raha.